Wapiga msasa wa Tabaka nao wapewe patasi

Kwa miaka 16 mikono yangu imeshinda ndani ya beseni la maji. Hapa Tabaka, Kisii, kazi iligawanywa zamani: wanaume huchimba jiwe la sabuni na kulichonga kwa panga na visu, sisi wanawake huketi kando ya mabeseni tukipiga msasa, tukiosha, tukipaka nta. Mchongaji huitwa fundi. Mpiga msasa ni kibarua tu.

Mgawanyo huu unatupotezea mafundi. Nimelijua hilo tangu nianze kujifunza kuchonga picha inayochomoza kwenye bamba la jiwe.

Nilichagua kumchonga marehemu mama yangu akisaga wimbi. Mzee jirani aliyekubali kunifundisha hakunipa kisu siku ya kwanza. Alinipa penseli, akaniuliza, "Mama, ni kipi kilicho karibu zaidi na jicho lako?" Nikamjibu, bega la kulia. Kisha kiwiko, shavu, mkono wa kushoto, na nyuma kabisa ukuta. Kumbe kazi yote iko hapo. Sanamu ya kiboko unaizungusha mkononi ukiichonga, lakini bamba lina upande mmoja tu wa kutazamwa, na mtu mzima unamweka ndani ya unene wa vidole viwili. Bega hubaki juu, pale pale ulipokuwa uso wa jiwe, nawe unachimba vilivyo nyuma yake, kimoja baada ya kingine.

Nilikosea. Bega lilinivutia, nikaanza kuliviringa mapema, likazama chini ya shavu. Jiwe likishatoka halirudi. Ilinibidi nishushe shavu, mkono na ukuta wote, kazi ya wiki nzima, mpaka bamba likawa jembamba hata nikaogopa kulinyanyua.

Ila kuna jambo ambalo mzee hakuwa na haja ya kunifundisha. Vidole vyangu vilijua kimo cha shavu kabla macho hayajaona. Aliyesugua vipande miaka yote hiyo ndani ya maji hutambua kwa kugusa mahali kisu kilipoparuza na mahali jiwe linapobadilika ugumu. Ujuzi huo tunao wanawake wengi, na unaishia kwenye kung'arisha kazi za wengine.

Bamba nililiegemeza karibu na mlango. Jioni jua lilipoingia kwa ubavu, vivuli vikakaa mahali pake, nikamwona mama ameinama juu ya jiwe lake la kusagia.

Mchongo wa Elkana Ong'esa, mchongaji wa hapa kwetu, uko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Jiwe hili linaweza kufika mbali. Basi nawaomba viongozi wa vikundi vya uchongaji: mafunzo yajayo yakiitishwa, tuiteni na sisi wa kwenye mabeseni. Penseli na patasi tutakuja nazo.