Mgao ukikatwa nusu, mwili hupiga hesabu gani?

Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilishusha mgao wa wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, hadi nusu ya kiwango cha kawaida. Mwaka 2025 huko Kakuma, kaskazini mwa Kenya, mgao ulishuka hadi chini ya theluthi. Sababu iliyotajwa ni kupungua kwa fedha za wafadhili.

Unaweza kujiuliza, msikilizaji: kama mtu anapewa nusu na bado anateka maji na kuokota kuni, je, si kwamba nusu inamtosha? Swali hili lina jibu, na jibu lenyewe ni la hesabu.

Mgao wa dharura hupangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa hesabu ya zamani, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, hivyo unagawanya tu. Mtu anayekosa kalori 500 kila siku angepungua karibu kilo 24 kwa mwaka. Ukiendelea hivyo, mama wa kilo 55 angekuwa ametoweka kabisa kabla ya miaka miwili na nusu. Hakuna anayetoweka namna hiyo. Hesabu hiyo inadhani mwili hutumia nguvu zilezile kila siku, hata ukiwa na njaa.

Mwili haufanyi hivyo. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 waliojitolea takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika zilishuka kwa kama asilimia 40. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na mwili kuwa mdogo, na sehemu nyingine mwili wenyewe ulibana matumizi: moyo ukapiga polepole, wakahisi baridi hata wakati wa joto, wakakosa hamu ya kila kitu isipokuwa chakula.

Baadaye Kevin Hall, wakati huo akiwa katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, aliyaweka mabadiliko hayo kwenye hesabu ya kompyuta. Utafiti wake na wenzake wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba uzito hushuka haraka mwanzoni, kisha mwendo hupungua. Kwa mtu mzima mnene, nusu ya kilo atakazopoteza huisha katika mwaka wa kwanza, na zilizobaki huchukua miaka mingine kadhaa.

Mnene, nasisitiza. Huyo ana akiba ya kutosha ghalani. Mtu mwembamba akikosa chakula, akiba huisha mapema na mwili huanza kung'oa nguzo za ghala lenyewe, yaani misuli, hata ule wa moyo. Kwa hiyo mizani inapotulia kambini, haina maana kwamba chakula kimetosha. Huenda mwili umepunguza joto, kazi na kinga ili ulingane na kile kidogo unachopata.

Kwa mtoto mizani hudanganya zaidi, kwa sababu mwili wake unaweza kubana kwa kuacha kurefuka. Ndiyo maana wahudumu wa afya hupima urefu pia, na hufunga utepe kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na mtoto anatakiwa kituoni bila kusubiri. Aliyedhoofika hivyo asipewe mlo mzito kwa pupa nyumbani, kwani chakula kingi cha ghafla huweza kumuua. Aliyelazwa huanza na maziwa mepesi ya tiba.

Wafadhili nao wana hesabu yao ya kufanya. Keys aliona kwamba mtu mzima aliyekonda kwa njaa huhitaji takriban kalori 4,000 kwa siku kwa miezi kadhaa ili arudi alivyokuwa. Na hata hapo mafuta hurudi kwanza, misuli huchelewa. Mgao ukirudishwa kwenye 2,100, mwili unaacha kudidimia, lakini deni la miezi ya nusu mgao bado halijalipwa.