Tope la Tana Lipimwe Kabla ya Mkulima Kulaumiwa

Mvua ya masika ikikolea, mitaro ya mtaa wa Dallas mjini Embu hufurika maji mekundu yanayoteremka kuelekea mtoni. Maji ya Rupingazi huingia Thiba, kisha bwawa la Kamburu, na kutoka hapo hushuka na Tana hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Ghuba ikibadilika rangi, ni rahisi kumlaumu mkulima wa miteremko ya Mlima Kenya. Lakini je, udongo unaofika baharini ni wake?

Jibu linaweza kusomwa katika tope lenyewe. Urani iliyomo kwenye miamba hatimaye hutoa gesi ya radoni, nayo radoni ikipanda hewani hubadilika kuwa risasi-210. Miale kutoka anga za mbali nayo hutengeneza berili-7 angani. Zote mbili huteremka na mvua na kung'ang'ania chembe za udongo. Zote zina mnururisho, lakini ni za asili na kiasi chake ni kidogo mno, hivyo hakuna wa kuziogopa. Tofauti yao ni kasi ya kuisha: nusu ya berili-7 hupotea kwa siku 53, ilhali nusu ya risasi-210 huchukua takriban miaka 22.

Udongo uliochotwa shambani na mvua ya juzi hubeba berili nyingi. Uliokaa muda mrefu kwenye sakafu ya mto, au uliomeguka kutoka ndani ya kingo, huwa nayo kidogo au hauna kabisa. Ukilinganisha kiwango cha berili-7 na cha risasi-210, unajua tope ni jipya au la kale.

Kipimo hicho kimeshatumika Tana. Mtafiti Mkenya Fredrick Tamooh na wenzake walichukua sampuli kutoka vijito vya milimani hadi nyanda za chini kati ya 2008 na 2010, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Tope lililoelea majini lilianzia chini ya miligramu 1 kwa lita na kufikia miligramu 7,058. Kwa kiwango hicho cha juu, mtungi wa lita 20 una takriban gramu 140 za udongo. Ongezeko kubwa lilionekana chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwishoni mwa msimu wa mvua, dalili zilielekeza kwenye udongo wa kale wa kingo na sakafu ya mto.

Mabwawa ndiyo sababu ya tope la milimani kutofika pwani kwa wingi. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere hunasa sehemu kubwa ya udongo unaotoka huko. Kwa hiyo matuta ya mkulima wa Embu yanalinda kwanza umeme na uhai wa mabwawa, na hiyo ni faida kubwa inayostahili kulipiwa. Ghuba, hata hivyo, inahitaji kazi nyingine: kulinda kingo na malisho ya nyanda za chini, pamoja na mabonde ya Mutonga na Kathita, mito ya upande wa Meru inayoingia Tana baada ya Kiambere, ambako hakuna bwawa kubwa la kunasa udongo.

Sampuli za misimu michache hazitoshi kuongoza bajeti za miaka mingi. Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu 1965, Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia, na Mombasa kuna taasisi ya utafiti wa bahari. Taasisi hizo zishirikiane na kaunti za Embu, Meru, Tharaka Nithi, Garissa na Tana River kupima tope kila msimu, kuanzia Rupingazi hadi Ungwana. Katika ghuba, mabomba yazamishwe kwenye tope, nguzo ya udongo itolewe na kukatwa sentimita kwa sentimita, ili risasi-210 ionyeshe kila tabaka liliwekwa lini, kabla na baada ya Masinga kukamilika mwaka 1981. Matokeo hayo yawekwe mezani kabla ya bwawa jingine kuidhinishwa kwenye mto huu.