Mastaa Wanakimbilia Serengeti, Dogo wa Goweko Kapiga Mti Mmoja Mwaka Mzima: Nani Mkali?

Kuna ligi mpya mjini, na safari hii haihusu magari wala mijengo. Ni ligi ya picha za mbugani. Staa mmoja akitoka Serengeti leo, kesho mwenzake anataka Ngorongoro, keshokutwa wa tatu anatafuta tembo wa kusimama nyuma yake. Ukiingia Insta wikiendi unaweza kudhani nusu ya Sinza imehamia porini.

Siyo dhambi. Wengine wanalipwa kwenda, ni kazi kama kazi nyingine, na utalii wa ndani ni jambo zuri. Shida inaanza pale mtu wa kawaida, mwenye simu ya kawaida na kipato cha kuungaunga, anapoaminishwa kwamba bila safari hiyo hawezi kuitwa mpiga picha za asili. Kuna binti mmoja wa Dar, jina kapuni, wafuasi anao wa kutosha, inasemekana alichukua mkopo wa kwenye simu ili akae mbugani siku mbili. Karudi na selfi kibao, twiga mmoja kwa mbali saizi ya njiti ya kiberiti, na deni ambalo bado linamsumbua. Picha iliyopata laiki nyingi? Ile ya chai na mayai hotelini.

Weka hiyo pembeni kidogo, uje Goweko.

Kwa wasiopajua, Goweko iko wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Ni stesheni kwenye Reli ya Kati, ukitokea Dar unaikuta kabla ya Igalula. Abiria wengi wanaijua kwa kupitia dirishani tu: wanaona miti, vichuguu, mashamba, wanarudi kulala.

Pale kuna dogo mmoja, naye jina kapuni, simu yake kioo kimepasuka kona. Mwaka juzi mwezi wa kumi alianza kuposti picha ya mti mmoja wa mninga uliokuwa nyuma ya mashamba, dakika kumi kwa mguu kutoka kwao. Mti uleule, kila Jumapili. Hakuna tembo, hakuna mrembo, hakuna kofia ya safari.

Watu wa komenti hawakumwacha salama. "Kaka, huo mti unakudai?" Jamaa mmoja wa mjini mwenye jina kubwa kidogo akamwandikia kwamba huo ni ushamba, picha za asili zinapigwa Serengeti siyo nyuma ya choo. Komenti yake ikapata laiki kuliko picha yenyewe.

Lakini waliofuatilia bila kelele waliona kitu ambacho mtu wa siku mbili hawezi kukiona.

Mwaka mmoja, mti mmoja

Tabora haina vuli na masika kama Dar. Mvua ni moja, kwa kawaida inaanza Novemba na kuishia Aprili, kisha kiangazi kirefu. Sasa kuna maajabu ya misitu ya miombo ambayo hata waliozaliwa humo wanayapita tu: miti inachipua kabla ya mvua. Mwezi wa tisa na wa kumi, ardhi kavu kama sahani, vumbi mpaka kwenye nyusi, halafu miyombo na mitundu inatoa majani mapya. Na siyo ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine waridi. Mninga nao unatoa maua ya njano. Picha za kwanza za dogo zilikuwa za maua hayo, na watu wakajua kachezea rangi kwenye programu ya simu.

Mvua za kwanza zikashusha vumbi lote. Hewa ikawa safi, kumbikumbi wakaruka kutoka kwenye vichuguu, vyura wakafungua mkutano. Mwezi wa pili mti ulikuwa umevaa fulu suti ya kijani, na nyuma yake mawingu mazito ya rangi ya masizi. Mwezi wa tano nyasi zikageuka dhahabu. Mwezi wa saba, asubuhi za kipupwe, majani yakaanza kupukutika. Mwezi wa nane mninga ukabaki uchi, umening'iniza matunda yake ya duara, membamba pembeni na yenye miiba katikati, huku jua likizama jekundu kama kaa kwenye moshi wa mapori yanayoungua.

Mti ni mmoja, lakini ukiziweka picha hizo pamoja unadhani jamaa kazunguka nchi sita.

Wala hilo siyo jipya kwa watu wa pale. Enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka nchi hiyo mpaka Bagamoyo. Wengi waliondoka kiangazi na kujitahidi kurudi kwa ajili ya kilimo mvua zikianza. Walilazimika kuusoma mwaka, maana ukikosea unakwama njiani au shamba linakufa. Dogo anasoma mwaka uleule, ila kwa simu.

Mnyamwezi wa Vermont

Mtaani Marekani inaitwa Unyamwezini, wengine hata hawajui kwamba Unyamwezi wenyewe uko Tabora. Sasa huko Marekani, katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, aliishi mkulima aliyeitwa Wilson Bentley. Kwao kitu kilichojaa kilikuwa theluji, kitu ambacho kila jirani alikiona kero tu. Januari 15, 1885, akiwa na miaka 19, alifunga kamera kwenye hadubini akapiga picha chembe moja ya theluji. Akaendelea hivyo kila msimu wa baridi, hapohapo nyumbani, mpaka akapata picha zaidi ya 5,000. Majirani walimwona kama kachanganyikiwa. Mwaka 1931, mwaka uleule aliofariki, kitabu chake cha picha hizo kikatoka, na mpaka leo watu wanakifungua.

Angesubiri nauli ya kwenda mahali pazuri, asingepiga hata moja.

Kurudi ndiyo shule

Mtu anayekwenda mbugani mara moja anapiga kile alichokikuta. Jua la saa saba mchana linachoma, kivuli kimekaa usoni mwa simba, atafanyaje? Gari linaondoka. Anayepiga karibu na kwao akikosa leo anarudi kesho, na kila akirudi anajifunza. Dogo hakusoma popote, lakini picha zake zinaonyesha alichojifunza.

Alianza kupiga mchana, picha zikawa zimeungua. Baadaye akahamia asubuhi na jioni. Tabora iko magharibi, jua linazama karibu nusu saa baada ya Dar, kwa hiyo mtu wa huko ana mwanga wa jioni wakati mtu wa Dar keshawasha taa. Siku za mawingu, ambazo wengi wanaona hazifai, yeye akazitumia kwa maua na wadudu, maana wingu ni kama shuka jeupe mbele ya taa: mwanga unakuwa mpole, vivuli vikali vinaondoka. Akaacha kuvuta picha kwa vidole, akaanza kusogea kwa miguu. Akajifunza kugusa kioo pale penye mwanga ili anga lisiwe jeupe tupu. Na kabla ya yote, kufuta lenzi. Nusu ya picha za Insta zenye ukungu siyo ukungu, ni mafuta ya chipsi.

Hivyo vyote havihitaji tembo. Vinahitaji kuamka.

Jumapili ambayo mti haukuwepo

Mwezi wa tisa, mashabiki wachache waliokuwa wamebaki walisubiri maua ya njano yarudi ili mzunguko ukamilike. Badala yake ikaja picha ya kisiki. Mninga ulikuwa umekatwa. Mninga ni mbao ya thamani, kila mtu anajua kitanda cha mninga kinauzwaje, na aliyeukata hakutajwa. Mti huo una utomvu mwekundu, ukikatwa unatoka kama damu. Picha ilionyesha hicho tu: kisiki, utomvu, na vumbi la msumeno. Maelezo hakuweka.

Ghafla ukurasa ukajaa. Waliokuwa wanacheka wakarudi nyuma kuzitazama picha zote tangu mwanzo. Watu waliohama Goweko miaka mingi wakaanza kuandika kwamba wanaujua mti ule, walikaa chini yake wakitoka shule. Hata yule wa "nyuma ya choo" inasemekana alifuta komenti yake kimyakimya.

Hapo ndipo jibu la nani mkali linapopatikana. Simba wa Serengeti keshapigwa picha na dunia nzima, ukimkosa wewe hakuna kilichopotea. Ule mninga ulikuwa na mpiga picha mmoja tu. Asingekuwepo yeye, ungeondoka kama miti mingi inavyoondoka, bila mtu kuweza kuonyesha ulivyokuwa.

Kuna watakaosema picha za namna hiyo hazilipi. Kweli, dogo hajapata dili lolote linalojulikana. Lakini na yule binti wa mkopo naye hajalipwa, tofauti ni kwamba mmoja anadaiwa na mwingine ana mwaka mzima mkononi. Nenda Serengeti ukipata nafasi, hata Tabora kwenyewe kuna Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Ila ukifika huko nenda ukiwa unajua kupiga, na pa kujifunzia ni kwenu: mwembe wa uani, dimbwi la mtaani, mawingu juu ya mabati. Tahadhari moja tu kwa walio jirani na reli: picha ya kusimama kwenye njia ya treni siyo ya asili, ni ya kutafuta msiba.

Inasemekana dogo bado anaposti kila Jumapili. Sasa hivi anapiga kisiki, na miti mingi ya miombo huchipua tena kwenye visiki.

Haya wadau, ni mti gani, kijito gani au kichuguu gani karibu na kwenu ambacho hakuna aliyewahi kukipiga picha? Taja hapo chini, na sema mara ya mwisho ulikiona lini.