Atmos, DTS:X na Sauti Iliyofungiwa

Swali ambalo watu hupenda kuniuliza wakishanunua spika za sebuleni: Dolby Atmos au DTS:X? Binafsi naona swali lenyewe limekaa upande.

Tuelewane kwanza. Zamani sauti ya filamu iligawanywa kwa chaneli, 5.1 au 7.1, kila spika na fungu lake. Atmos ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na filamu ya Brave, ilileta wazo jingine. Helikopta huhifadhiwa kama kitu kimoja chenye anwani yake hewani, halafu mashine iliyo kwako ndiyo hupiga hesabu spika zipi zilie, pamoja na zile za darini. Kwa sisi waandika programu, hilo ni tamu sana! Blu-ray ya kwanza ya Atmos, Transformers: Age of Extinction, ilitoka 2014. DTS:X ikafuata 2015 na Ex Machina.

Ipi inalia vizuri zaidi? Nipe fundi hodari wa kuchanganya sauti, sijali nembo iliyo kwenye jalada.

Kinachoniudhi kiko kwingine. Kwenye Blu-ray, Atmos hubebwa ndani ya TrueHD, na DTS:X ndani ya DTS-HD Master Audio. Risiva ya zamani husoma chaneli za kawaida na kupuuza maelezo ya vile vitu. Hapo nawapa heko, diski haifi. Lakini icheze kwa FFmpeg, programu huria ambayo hata VLC huitegemea: chaneli utazipata, vitu hutavipata. Maelezo yake yako nyuma ya leseni. Na leseni ni mambo ya biashara. Samsung waliacha DTS kwenye runinga zao mwaka 2018, LG wakaiacha 2020 na kuirudisha 2023. Mwenye diski zake kabatini hakuulizwa.

Filamu umenunua, lakini ufunguo wa sauti yake anao mtu mwingine.

Ndiyo maana mimi niko upande wa IAMF, mfumo wa Alliance for Open Media, ambao Google na Samsung waliutangaza Januari 2025 kwa jina la Eclipsa Audio. Hauna ada, maelezo yake yako wazi, na yeyote anaweza kuuandikia programu ya kuusoma. Bado mchanga, sawa. Msimbo wake nimeshaushusha, na wikendi hii naujenga kwenye Linux.