Shosho Aliuliza Hicho Kisiwa Ni Cha Nani

Kuna ugonjwa umeingia sebuleni mwetu, kuanzia Makutano pale Meru hadi Kangaru, Embu. Msee akihama kwa wazazi, kabla hajanunua hata kiti cha pili, ashatundika ramani ya kale ya Malta. Yaani karatasi mpya iliyozeeshwa makusudi, rangi ya strungi, merikebu zenye matanga pembeni, na jina Melita kwa herufi za madoido.

Mtaniambia niache watu na kuta zao. Siachi.

Wengine hujitetea kwa Biblia: si huko ndiko Paulo alivunjikiwa na meli? Sawa. Lakini kuanzia 1530 hadi 1798 Malta ilitawaliwa na watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, na ramani nyingi zinazopendwa ni za enzi hiyo. Watawa hao walikamata watu baharini, wengi wao Waislamu wa Afrika Kaskazini na milki ya Uturuki, wakawauza sokoni, wakawafunga minyororo wapige makasia. Hizo merikebu unazoziita maridadi, hebu jiulize ni nani alikuwa anazisukuma.

Na wewe ni Mmeru! Watu wako nao wanasema walitoka kisiwani. Mbwaa. Mabwana wa huko waliitwa Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, na waliwatesa wazee wetu kwa amri za wazimu: leta ndara zenye manyoya juu na chini, leta ndama anayekunya mavi meupe. Ilipozidi, wakatoroka. Wengine walivuka maji usiku, wengine alfajiri, wengine jua limeshachomoza, na ndiyo maana tukawa na koo nyeusi, nyekundu na nyeupe. Wapo wanahistoria wanaodhani Mbwaa ni Manda, kule Lamu. Sasa mjukuu wa waliotoroka utumwa kisiwani analipia fremu ya kisiwa cha wenye watumwa. (Wa Embu msicheke. Ni wangapi kati yenu mmewahi kushuka gari karibu na Runyenjes mkaona msitu wa Mwenendega?)

Ati Mbwaa haina ramani ya kale. Kwani ya kale ndiyo ya kweli? Mwaka wa 1856 wamisionari wa pwani yetu walichapisha ramani yenye ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika, umbo la konokono asiye na gamba. Wazungu waliijadili kwa heshima zote. Basi mtafute mchoraji wa mtaani, mpe hadithi, mlipe. Akikosea, amekosea kwa faida yetu.

Juzi shosho ya beshte yangu alikuja kumwona mjini. Akaitazama ile fremu muda mrefu.

"Hapa ni Mbwaa?"

"Hapana, shosho. Ni Malta."

"Na huko alitoka nani wetu?"

Beshte akaenda kuongeza maji kwa sufuria ya chai. Fremu bado iko pale pale.