Nauli ya Basi Si Msaada

Nianze kwa kujisema mwenyewe kabla sijawasema wengine. Mimi ni kijana wa Tukuyu, nimemaliza kidato cha nne, na huu ni mwaka wa tatu naandika riwaya juu ya msichana aliyepelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Sura ya mwisho nilikuwa nimeimaliza: basi linafika stendi, mvua yetu ile ya Rungwe isiyo na adabu inanyesha, mama anamkumbatia mwanawe, basi, imekwisha. Nikamsomea mdogo wangu, binti wa mama mdogo, kwa sababu kisa chenyewe kwa kweli ni chake. Alisikiliza huku anamenya ndizi za kupika. Nilipofunga daftari akauliza, "Halafu, kaka?"

Nikakosa jibu. Hasira yangu ilianzia hapo.

Maana wote tunaishia stendi. Redio zinatangaza wasichana wameokolewa, ofisa anapigwa picha, habari imekwisha. Hivi kuokolewa ndiyo nini? Mdogo wangu alichukuliwa akiwa na miaka 15. Aliyemchukua ni mama mmoja tunayemheshimu, mtu wa kanisani, aliyeahidi shilingi 40,000 kwa mwezi na cherehani baada ya mwaka. Alikaa miezi 26. Mshahara eti "unatunzwa". Simu alinyang'anywa, geti kufuli. Alipotoroka, jirani akampeleka kituoni, ofisi moja ikamtafutia nauli, akapandishwa basi. Hakuna aliyemuuliza anadai kiasi gani. Hakuna aliyemuuliza kama usiku analala. Hesabu za shule hazikunipita zote: 26 mara 40,000 ni 1,040,000. Nauli waliyompa haifiki hata sehemu ya kumi ya hizo.

Najua watakaosema si kila hausigeli ameuzwa. Kweli kabisa, na mimi sisemi hivyo. Wapo wasichana wa huku wanaolipwa vizuri mjini, wanasomesha wadogo zao, na sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14. Lakini Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haingoji uvuke mpaka wa nchi. Kumtoa mtu kijijini kwa udanganyifu ili akatumikishwe ni kosa hata kama safari imeishia Mbagala, na kwamba mwenyewe alikubali kwenda hakumsafishi mkosaji. Sheria hiyohiyo inataka mhanga apewe ushauri wa kisaikolojia, makazi ya muda, atafutiwe ndugu na kuunganishwa nao. Imeanzisha mfuko. Imegusia fidia mahakamani. Mwaka 2022 ikarekebishwa ili mwenye pesa asiponyoke kwa faini peke yake. Vizuri! Lakini katika orodha yote hiyo kilichomfikia mdogo wangu ni kile cha bei rahisi kuliko vyote, yaani kuunganishwa na ndugu.

Na ndugu wenyewe ni nani? Ni sisi tuliompandisha basi! Mama mdogo anaona aibu kushtaki kwa kuwa na yule mama mwingine wanakutana kila Jumapili. Wajomba wanauliza, "Umetuletea nini?" Vijana wenzangu pale stendi wanamwita "wa Dar" kwa jicho ambalo kila msichana analijua. Unamrudisha mtu palepale alipochotwa, kisha unaandika kwenye ripoti kwamba ameunganishwa.

Zipo nyumba zinazofanya zaidi ya hapo. Dar iko KIWOHEDE, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, Mwanza iko WoteSawa, iliyoanzishwa na mwanamke ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mfanyakazi wa ndani. Heshima kwao. Lakini Mwanza na Tukuyu ni ncha mbili za nchi, na msichana akishashuka basi hapa hawezi kurudi huko kila wiki kutafuta mtu wa kuongea naye. Msaada ndio umfuate alipo. Afisa ustawi wa jamii apewe pesa ya usafiri apande Mwakaleli, ateremke Masoko, amwone baada ya mwezi na baada ya miezi sita. Alipiwe ada ya ufundi. Dawati la Jinsia na Watoto lichukue maelezo yake hapahapa, siyo kumwambia arudi Dar kwa gharama zake kutoa ushahidi. Yakikosekana hayo, dalali atarudi mwezi wa kwanza, wakati wa ada, na safari hii hatahitaji hata kudanganya sana.

Waandishi nasi tumezoea kuyapamba machozi ya stendi kwa sababu ni rahisi kuyaandika. Sura yangu nimeichana. Jana usiku tumeandika kitu kingine, yeye akitaja, mimi nikiandika: barua ya madai, shilingi 1,040,000 na cherehani moja. Mama mdogo bado anakataa kutia sahihi. Tunaipeleka Jumatatu.