Elimu haina mwisho, fedha za mradi zina mwisho

MSICHANA wa Kata ya Nsemulwa, mjini Mpanda, anayeacha shule kwa sababu ya ujauzito hapotezi darasa peke yake. Hupoteza pia nafasi ya kupata ujuzi na kipato, na baadaye uwezo wa kumsaidia mwanawe katika masomo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa mkoani Katavi asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwishazaa au ni wajawazito. Hakuna mkoa uliozidi kiwango hicho. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27.

Hapo ndipo unapoonekana umuhimu wa Karibu Tanzania Organization, shirika lisilo la kiserikali linaloshirikiana na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Kwa Katavi, chuo cha aina hiyo kipo Msaginya, nje ya mji wa Mpanda. Kozi ya akina mama vijana, iliyoanza katika vyuo vichache, ilikua hadi kuzaa programu ya Elimu Haina Mwisho, iliyovifikia vyuo 54 vya serikali kwa ufadhili wa Mastercard Foundation.

Siri ya ukuaji huo si ngumu kuielewa. Mama anaruhusiwa kuja na mtoto. Wakati yeye yupo kwenye masomo ya sekondari, ufundi au ujasiriamali, mtoto yupo katika kituo cha malezi hapo hapo chuoni. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, lakini ruhusa pekee haimpatii mama mlezi wa mtoto.

Hata hivyo, historia inatoa onyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 vyuo hivi vikaanzishwa kwa msaada wa Sweden. Kwa takwimu za Serikali, kutojua kusoma na kuandika kulishuka kutoka takriban theluthi mbili ya watu wazima miaka ya 1960 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Nguvu ilipopungua, ujinga ulirudi: Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya asilimia 20 ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika.

Mfadhili huja na kuondoka. Mtaala, mwalimu na mlezi wa watoto vinapaswa kubaki. Njia ya uhakika ni gharama za malezi chuoni kuingizwa katika bajeti ya Serikali kama unavyoingizwa mshahara wa mwalimu. Vinginevyo, mradi utakapofungwa, mlango wa kwanza kufungwa utakuwa wa kituo cha watoto, na mama zao watafuata.